Magurudumu Manne ya Kushoto

Jumatatu, 5 Mei

Nimeapa. Mbele ya mke wangu, mbele ya timu nzima, mkono wa kulia juu ya boksi la spana, kwa sababu binti yangu alisema humu karakana hakuna kitu kingine cha kuapia. Mwaka huu sigusi roboti. Sisemi neno kuhusu roboti. Sikohoi karibu na roboti — hilo la kukohoa kalichomeka yeye mwenyewe, eti mwaka jana kila walipokosea nilikuwa nakohoa kama mgonjwa wa kifua.

Mimi! Mwalimu wa fizikia, mlezi wa klabu, niliyeomba hiki chumba kwa mwalimu mkuu mpaka akawa akiniona kwenye korido anageuza njia. Leo nawekwa pembeni kama kiti kibovu.

Haya, najua sababu. Mwaka jana jaji aliinama kwenye roboti yetu, akagusa gurudumu, akamwuliza binti yangu: hivi virola kwa nini vimelala mshazari? Swali jepesi. Timu nzima ikageuka kunitazama mimi. Wote! Kama vifaranga. Binti yangu naye akageuza shingo. Jaji akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema asanteni, akaenda meza ya pili. Kwenye gari binti alilia mpaka nyumbani, kisha akaninunia wiki nzima. Shuleni ananiita Mwalimu kama wenzake, hilo ni sawa, lakini wiki ile aliniita Mwalimu hadi mezani tunakula.

Anachotaka mwaka huu ni kitu kimoja tu. Jaji aulize, na yeye ajibu bila kugeuza shingo. Hataki kikombe wala picha gazetini. Kanieleza hivyo akinitazama usoni, na mimi nikasema ndiyo mwanangu, mikono mifukoni.

Tutaona nitaweza mpaka lini.

Jumatano, 7 Mei

Wanatengeneza magurudumu yao wenyewe. Ya mwaka jana yako kabatini, mazima kabisa, lakini hawayataki, eti yana mkono wangu. Sawa.

Niandike hapa, maana kuna siku nitasoma nisielewe nilikasirikia nini. Gurudumu la kawaida linajua mbele na nyuma. Hili lao ukingo wake wote umezungushiwa rola ndogondogo, kila moja inazunguka peke yake, kila moja imelala mshazari. Ukiyapangia mwendo vizuri, roboti inakwenda mbele, nyuma, kushoto, kulia, pembe kwa pembe, bila kugeuka hata kidogo. Uwanja wa mashindano una vichochoro vyembamba. Mwenye roboti ya kugeukageuka amekwisha.

Leo nilikaa kwenye kona yangu karibu na dirisha, nasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Yaani najifanya nasahihisha. Mezani walikuwa watatu: binti yangu, ambaye wenzake wanamwita Spana, yule kijana mwembamba wa programu, tunamwita Bwana Kompyuta, na msichana atakayeshika rimoti siku ya mashindano, ambaye jina lake sasa ni Dereva hata kwenye daftari la mahudhurio.

Gurudumu la kwanza walilitengenezea rola zilizonyooka kama vipande vya chaki. Likabingirika mezani — gudu, gudu, gudu. Ulimi uliniwasha! Nilitaka kusema zinenepesheni katikati, zipigeni tumbo, ndipo ukingo utakuwa mviringo. Nikauma kalamu. Na jamani, Spana akalishika, akalitazama kwa ubavu, akasema hizi zinatakiwa ziwe na kitambi. Kitambi! Neno lake mwenyewe. Nilifurahi nikampa mtoto mmoja wa kidato cha pili alama asizostahili.

Alhamisi, 8 Mei

Ningekuwa kipofu ningekuwa na raha.

Spana amemaliza mchoro. Mchoro mzuri, sitii chumvi, mafundi wa kulipwa wangeuonea wivu. Visahani viwili vya plastiki, rola katikati, kila tundu mahali pake. Akautazama, akatabasamu. Kisha akabonyeza nakili. Bandika. Bandika. Bandika. Magurudumu manne kwenye skrini, yanafanana kama sahani za seti moja.

Yanafanana! Hayatakiwi kufanana! Mawili rola zake zilale upande huu, mawili zilale upande ule. Ni kama viatu. Huwezi kumshonea mtu viatu vyote vya kushoto ukamwambia tembea.

Nilisimama. Wote watatu wakanitazama. Nikasema nakwenda kunywa maji.

Ijumaa, 9 Mei

Printa imeanza kuchapa visahani. Ile printa ni mzee wa kazi: inachora tabaka moja la plastiki, inapumzika, inaguna, inachora jingine. Ni tundu baada ya tundu la makosa, na mimi nimekaa naangalia.

Nimemweleza mwalimu wa kemia ofisini. Mama huyu hana subira na mambo ya viapo. Akasema si umwambie tu, nani atajua? Nikamwambia yeye atajua. Akasema basi mwandikie kikaratasi bila jina. Nikasema mwandiko wangu anaujua tangu akiwa chekechea. Akacheka mpaka chai ikamwagika, akaniambia mimi na mwanangu wote wawili ni vichwa vigumu na Mungu aliyetupanga nyumba moja anajua alichokuwa anafanya.

Nimejaribu kujiliwaza. Kukosea ni sehemu ya kujifunza, ndivyo ninavyowaambia wazazi kila kikao. Maneno matamu sana ukimwambia mtu mwingine.

Jumatatu, 12 Mei

Wamemimina mpira wa rola. Unakuja vikopo viwili, unachanganya, unakoroga, unamimina kwenye kalibu kabla haujaganda. Karakana nzima inanuka. Dereva alikoroga polepole mno, kikombe kizima kikaganda na kijiti ndani yake. Wamekiweka juu ya kabati kama kombe.

Mikono ya Spana imepasuka kwa ile dawa. Nyumbani mama yake alipoiona alipiga kelele, akamwambia marufuku kuosha vyombo bila glavu. Kanunua jozi mpya, zile za mpira, nzito, zinazofika karibu na kiwiko. Droo ya jikoni tayari imejaa glavu za zamani, zote za kushoto. Sisi wote ni watu wa mkono wa kulia, basi ya kulia ndiyo inayotoboka kwanza, na mke wangu hatupi kitu.

Jumanne, 13 Mei

Siku ya majaribio. Naandika nikiwa nimetulia. Sijatulia.

Walifunga magurudumu yote manne. Yanapendeza, rola nyeusi kwenye sahani za njano. Hakuna aliyeona. Hata mmoja! Dereva akasukuma kijiti cha rimoti mbele. Roboti ikaondoka mshazari, kama mlevi aliyeona mlango lakini miguu ina mawazo yake, ikagonga mguu wa meza. Wakairudisha. Mbele tena. Mshazari tena. Akaiamuru iende pembeni — ikatetemeka tu palepale, magurudumu yanazunguka, yenyewe haisogei hata unywele.

Wakazima mota wakakaa kujadiliana. Wakati wanajadiliana roboti ikaanza kuteleza yenyewe. Sakafu ya karakana ina mteremko kidogo kuelekea kwenye shimo la maji, nayo ikashuka taratibu, kwa adabu, bila mota, hadi kwenye ndoo ya fagio. Dereva akasema jamani imechoka inakwenda kupumzika. Wakacheka. Nikacheka na mimi, kicheko cha kwenye msiba.

Kisha Spana akasema: ni programu.

Hapo kicheko kikanikauka. Bwana Kompyuta akafungua kompyuta yake.

Alhamisi, 15 Mei

Kijana wa watu ameandika programu upya. Yote. Macho mekundu, shati amelivaa kinyume. Roboti ikaenda mshazari.

Spana akamwambia huenda hujui hesabu zake. Alisema kwa sauti ya chini, na ya chini ndiyo mbaya zaidi. Akamjibu: "Hesabu zangu ziko sawa. Nimezipiga kwa mkono, nimezipiga kwa kompyuta. Mimi sijui tena mnataka nini." Akachukua begi. Akafika mlangoni, akageuka, akanitazama mimi. Alikuwa anaomba nimwambie yuko sawa. Na yuko sawa! Hesabu zake ni safi kama maji!

Nilitazama daftari la mtoto wa watu. Nilisahihisha swali lilelile mara mbili.

Kiapo hiki kinanifanya mtu mbaya. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Ijumaa, 16 Mei

Wameona! Wameona!

Dereva ndiye aliyeona. Alilala kifudifudi sakafuni, shavu chini, akasema mbona rola zote zinaangalia upande mmoja?  Spana akapiga magoti. Akatazama moja, la pili, la tatu. Akajishika kichwa. Bwana Kompyuta — amerudi, Mungu ambariki, alikuja kuchukua chaja yake akabaki — alikunja mikono tu, na alikuwa na haki ya kuikunja.

Spana akamwomba radhi mbele ya watu. Sikumfundisha mimi, labda mama yake. Kisha akasema ni rahisi, tunayageuza mawili. Wakayafungua mawili, wakayapindua, upande wa nje ukawa wa ndani, wakayafunga.

Mshazari.

Maana hayageuki! Ukiligeuza gurudumu la namna hii mara mia litabaki lilelile, mshazari wake unakwenda nalo. Wakayageuza tena. Wakabadilisha la mbele na la nyuma. Wakageuza yote. Nilitoka nje, nikazunguka jengo la maktaba, mwalimu wa kemia akaniona dirishani akanipungia mkono.

Niliporudi walikuwa wamekaa sakafuni kila mtu na pembe yake. Mashindano ni Jumamosi ijayo.

Jumamosi, 17 Mei

Karakana imefungwa. Hakuna aliyeomba ufunguo.

Wakati wa chakula cha mchana Spana kaniambia wameamua. Watafunga magurudumu ya kawaida, yale ya kwenda mbele na nyuma, angalau roboti itembee. Nikamwuliza na jaji akiuliza? Akasema hatauliza, kwani kutakuwa na nini cha kuuliza? Akainua sahani yake akaenda.

Kama angelia ningejua la kufanya. Lakini alisema vile kama mtu mzima anayefunga duka.

Nimekaa sebuleni nimeshika tama. Neno moja. Neno moja tu lingemtosha, na akilipata kwangu litakuwa langu, na mwaka huu wote utakuwa wangu, na atanitazama mezani aniite Mwalimu. Nikimwacha, atafunga magurudumu ya mkokoteni na kusema yeye kwa kweli si mtu wa mambo haya. Nimeshawasikia wasichana wengi darasani mwangu wakisema hivyo, na hakuna hata mmoja aliyebadili mawazo.

Mke wangu amesema: "Umeapa." 

Niliapa nisiguse roboti. Nisiseme. Nisikohoe. Kuhusu jikoni hatukuapa chochote.

Jumapili, 18 Mei

Nimefanya kitu.

Baada ya chakula nilitangulia jikoni kabla ya mtu yeyote. Nikachukua glavu mpya ya kulia nikaitia mfukoni mwa koti langu. Ya kushoto nikaiacha kwenye sinki, na kando yake nikaweka moja ya zile za zamani za kwenye droo, ya kushoto pia. Nikaenda kukaa kwenye kiti cha pale mlangoni na gazeti. Gazeti la wiki iliyopita.

Spana akaja. Akavaa ya kwanza. Akachukua ya pili, dole gumba likawa upande usio wake. Akasonya. Akafungua droo: kushoto, kushoto, kushoto. Akaita, "Mama, glavu ya kulia iko wapi?" Mama yake akajibu kutoka uani kwamba iko hapohapo, tazama vizuri. Akaniuliza mimi. Nikainuka nikatafuta naye! Nilitazama chini ya sinki. Nilifungua friji! Mungu anisamehe.

Akaamua kuivaa hivyohivyo. Akaipindua, kiganja kikawa mgongoni, dole gumba likakaa lakini vidole vimepinda kwenda nyuma, hawezi kushika hata kijiko. Akaivua kwa hasira. Ni mpira, inanata, ikavuka ndani-nje. Akataka kuitupa. Akasimama.

Akaivaa vile ilivyo, ndani nje. Ikamkaa mkono wa kulia sawasawa.

Maji yanatiririka. Akaivua, akairudisha ilivyokuwa: kushoto. Akaigeuza juu chini: bado kushoto. Akaitoa ndani-nje: kulia. Nilikuwa nimelishika gazeti juu chini, nimekuja kuliona baadaye. Akasema peke yake, polepole, "Haigeuki. Kushoto haigeuki ikawa kulia. Lazima itengenezwe upya, kama kwenye kioo." Kisha akapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna usalama, akakimbilia kompyuta na povu hadi viwiko, vyombo kaniachia mimi.

Nimeviosha vyote. Bila glavu. Nilikuwa na furaha kama mwizi.

Jumatatu, 19 Mei

Rola wanazo, hazina kushoto wala kulia, zinarudi kazini. Kinachotakiwa ni visahani vipya vya magurudumu mawili, vilivyopinduliwa kama kwenye kioo. Printa imeanza asubuhi. Ikakwama. Ikaanza tena. Plastiki ya njano imekwisha, wameweka ya bluu. Spana anasema afadhali, bluu ni kulia, njano ni kushoto, hatutakosea tena maisha.

Anawasimulia wenzake habari ya glavu. Kaisimulia mara tatu, kila mara na mikono. Bwana Kompyuta anatikisa kichwa, anasema glavu jamani, mimi nimeandika programu upya kwa ajili ya glavu! Wanacheka. Mimi naangalia dirishani.

Jumatano, 21 Mei

Wamefunga yote manne. Roboti ikaenda mbele, imenyooka kama rula. Ikaenda pembeni — pembeni! — kama droo inayofunguliwa. Wakapiga mayowe. Wakaiambia izunguke. Ikagoma.

Nikajua mara moja. Wameyafunga bluu na njano mahali pasipo pake, mishazari ya rola inaangaliana vibaya ukitazama kutoka juu, roboti haipati nguvu ya kujizungusha.  Jumamosi hiyo hapo! Nikaanza kuwaza. Nitaacha nini wapi? Viatu? Mito ya kochi? Nikaenda ofisini kumimina chai ili niwaze vizuri.

Niliporudi na kikombe, roboti ilikuwa inazunguka.

Nikauliza — swali la kawaida, sikukohoa — imekuwaje? Dereva akasema la kushoto tumelihamishia kulia na la kulia kushoto, mbele na nyuma, Spana kachora mishale chini kwa chaki akaona. Mishale ilikuwa bado ipo. Mishale safi, mikubwa, ya mtu anayejua anachokitafuta. Chai yangu haikuwa hata imepoa.

Sikuinywa. Nilikaa kwenye kona yangu nikaitazama ile mishale. Kama ningemwachia na Jumapili? Kama ningenyamaza mpaka Jumatatu, au Jumanne? Angechora mishale. Angeona. Ilikuwa yake, ilikuwa njiani inakuja, mimi nikaidaka nikamrushia kama mfupa.

Nimekasirika, na wa kumkasirikia ni mimi tu.

Alhamisi, 22 Mei

Mke wangu kaingia na koti langu kwenye mkono mmoja na glavu kwenye mkono mwingine.  Aliitandaza kitandani kati yetu, vidole vinanielekea.

Nikaanza kujieleza. Nikasema sikutamka neno. Nikasema kiapo hakikutaja jikoni. Akanisikiliza hadi mwisho, ndiyo tabia yake ninayoiogopa. Kisha akasema: "Anawaambia watu aligundua mwenyewe. Anawaambia hadi shangazi zake kwenye simu. Mwambie kabla hajamwambia jaji."

Nikasema nitamwambia kesho.

Akairudisha mfukoni mwa koti, akaupigapiga mfuko kwa nje kama unavyompiga mtoto mgongoni anapokwenda shule.

Ijumaa, 23 Mei

Sijamwambia. Alikuwa anafunga mizigo. Kisha alikuwa anaimba.

Jumamosi, 24 Mei

Ukumbini. Naandika ili mkono huu uwe na kazi.

Nilipanga kumwambia kwenye gari. Nilivaa koti makusudi. Lakini alikaa mbele na mimi, anajifanyia mahojiano, anajiuliza kwa sauti nene ya jaji na kujijibu kwa yake. Alijibu vizuri! Kila swali! Nikaona nimwache amalize. Akamaliza tunaingia getini.

Walimu na wazazi tunasimama nyuma ya utepe wa njano. Ukivuka, timu inapoteza alama. Nimesimama. Niko karibu kiasi cha kusikia, mbali kiasi cha kuwa sina faida. Meza yetu ni ya tatu kutoka mlangoni. Roboti imekaa katikati, bluu na njano, inang'aa. Bwana Kompyuta kavaa shati sawasawa. Dereva anatafuna kucha.

Mzunguko wa kwanza wamemaliza. Roboti ilipita vichochoro pembeni bila kugusa ukuta, watu wa timu nyingine wakasimama kwenye viti kutazama. Nilipiga kelele, nadhani. Mwalimu mmoja wa jirani kanivuta koti akaniambia mzee, utepe.

Jaji amefika mezani. Ni yuleyule! Yule wa mwaka jana, mwanamama wa miwani ya kamba. Anainama. Anagusa gurudumu.

Kauliza kwa nini rola zimelala mshazari. Spana kajibu. Jamani. Kajibu kwa mikono miwili, kwa mishale hewani, nguvu hii inakwenda huku, ile inakwenda kule, zinafutana, kinachobaki ndicho kinachosukuma. Hakugeuza shingo. Hata nukta moja hakugeuza! Machozi yananilenga na nina umri huu.

Kauliza kwa nini rangi mbili. Spana anacheka, anamweleza. Kwamba walitengeneza manne ya kushoto. Hafichi! Kwamba walidhani wanaweza kuyageuza. Jaji anacheka pia, anasema hilo kila mtu hulikosea, wewe ulijuaje? Na sasa anaisimulia. Sinki. Povu. Jaji ameacha kuandika, anasikiliza tu.

"Zote mbili zilikuwa za kushoto," anasema. "Ya kulia ilipotea. Tuliitafuta sana. Hata Baba aliitafuta, alifungua mpaka friji."

Jaji kacheka. Dereva kacheka. Bwana Kompyuta kacheka.

Spana alikuwa anacheka na yeye. Halafu akasema tena, peke yake, polepole, kama alivyosema siku ile jikoni: "Alifungua friji."

Jaji anauliza, kwa utani tu, kalamu tayari iko juu ya karatasi: "Na mwishowe mliipata?"



Mkono wangu wa kushoto uko mfukoni, umeishika ile glavu, mpira umepata joto. Wenzake bado wanacheka. Jaji anasubiri.

Binti yangu kageuza shingo. Ananitazama mimi.